Mdomo wa Mbwa wa Mama

Mbwa wetu alimuuma baba yangu siku ya Jumapili, baada ya misa, sahani ya ugali ikiwa bado mkononi mwake. Hakumuuma kwa kuonya. Alimkamata katikati ya kidole gumba na kiganja, akatikisa kichwa vile anavyotikisa panya, na damu ikaruka mpaka kwenye shati jeupe nililolipiga pasi asubuhi ileile. Baba hakupiga kelele. Alimwita mbwa kwa jina, taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba wanajuana. Ndipo mbwa akaachia, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaanza kujikwaruza shavu kwa kucha zake mpaka shavu nalo likatoka damu.

Nilitoka jikoni na mchi. Hasira zangu haziko mbali. Marehemu mama alikuwa akisema zinalala na viatu miguuni. Nilitoka kwa nia moja tu, kumpasua yule mnyama kichwa. Baba akanizuia kwa mkono uliobaki mzima.

"Usimuguse," akasema. "Ni imbwa ya mama yako."

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Mama alimleta yule mbwa nyumbani akiwa mdogo wa kuingia kwenye kikapu, mwaka wa mwisho wa maisha yake. Baba hakumtaka. Alikuwa dereva wa malori miaka yote tuliyoishi Bukavu, na kwa dereva mbwa ni kitu cha kukwepa barabarani. Lakini tulipomzika mama, baba alinyamaza. Mimi binti yake, niliyekuwa nampikia na kumfulia, alinipa maneno ya chumvi na ya mvua tu. Maneno yenyewe alimpelekea mbwa. Kila asubuhi aliketi naye nyuma ya nyumba, pale ziwa linapoonekana, akimsimulia habari za Bukavu, ng'ambo ya ziwa, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimashi, na mimi nilikuwa nasikiliza dirishani ili nijue baba anawaza nini. Sikumpenda sana mbwa. Nilimhitaji awe hai ili niendelee kuwa na baba, basi.

Ukali wa mbwa huyo baba aliutengeneza mwenyewe, au ndivyo alivyoamini. Kwetu mbwa mpole ni tumbo la kulisha bure, na mbwa wa kulinda hutiwa ukali. Unachukua kiota cha nyigu, unakifukiza moshi mpaka wanakufa, unawakausha juani, unawatwanga na pilipili kali, unachanganya na ugali. Baba alijifunza hayo Bukavu, kwenye maegesho ya malori, na jirani yetu mwashi alipoibiwa mbuzi, baba akaanza kumlisha mbwa wetu nyigu. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika ila tumbo la mbwa, ambalo liliharisha uwanja mzima, na aliyefagia ni mimi.

Kisha mbwa akabadilika kweli. Akaanza kunguruma akiona sahani. Akawa anakamata chakula, anakiangusha, anakikamata tena kwa upande mmoja wa mdomo huku kichwa kimelala begani. Udenda ukamtoka mchana kutwa. Siku moja uso wake ukavimba chini ya jicho la kushoto, uvimbe mgumu wa ukubwa wa yai la kuku, na baba akawaita watu waje kuona.

"Munaona? Nyigu imeingia," akawaambia. "Ule uvimbe ni wa nyigu yenyewe. Sasa hii ni imbwa."

Wakaja, wakasifu. Mwashi alisogea karibu, mbwa akamrukia akararua suruali, na mwashi akacheka kwa furaha, akaomba baba amfundishe dawa hiyo ampe na mbwa wake. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wanaume wazima wanapigia makofi uvimbe.

Harufu niliisikia mimi kwanza. Ninauza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni Kamembe, kwa hiyo pua yangu inajua kilichooza na kilichokaribia kuoza. Mdomo wa yule mbwa ulinuka kama maji ya samaki yaliyosahauliwa ndooni. Nikamwambia baba.

"Papa, iyi imbwa inanuka mu kinywa."

"Imbwa inanuka juu ni imbwa," akajibu. "Ulitaka inuke sabuni?"

Akaendelea kumletea mifupa ya mbuzi kutoka kabari, baa ya jirani, ile iliyochomwa ikakauka ikawa kama mawe. Mbwa aliipasua mifupa, na mifupa nayo ilikuwa inampasua yeye, ila hayo tuliyajua baadaye. Hakuna aliyewahi kufungua ule mdomo tangu mama alipomtoa kikapuni.

Basi Jumapili hiyo baba alimpa sahani, na kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri baada ya misa, akampapasa shavu. Shavu lenyewe la kushoto. Ndipo akaumwa.

Habari haikuhitaji miguu. Wiki hiyo watu walikuwa wanasema kwamba huko Gikundamvura kuna mbwa mwenye kichaa aliyeuma watu shambani, na kila mtu mtaani alikuwa anatazama mbwa wa mwenzake kwa jicho la upande. Nilikuwa bado nafunga mkono wa baba kwa kitenge changu nikasikia lango linagongwa. Alikuwa mwashi, na mpini wa jembe mkononi. Nyuma yake wanaume wengine, wenye mawe.

"Maman, fungua. Tumesikia imbwa imeuma Mzee. Udenda tuliuonaka sisi wote. Iko na wazimu."

"Juzi ulikuwa unaomba dawa yake," nikamwambia. "Leo imekuwa wazimu?"

"Mi niko na batoto. Banapita hapa kila siku."

Alikuwa na haki ya kuogopa, sikatai. Lakini alisukuma lango bila kusubiri neno langu, na jiwe la kwanza likapita juu ya bega langu likampata mbwa ubavuni. Alilia kilio cha mtoto. Baba akajaribu kuinuka akaanguka juu ya kiti, damu inapenya kwenye kitenge. Hapo nikaona giza. Niliurusha mchi kwa nguvu zote za mikono yangu ya kubeba ndoo za samaki, ukamgonga mwashi kwenye mfupa wa mguu, akakunja goti palepale langoni. Nikauokota tena kabla hajasimama. Nikawaambia kwamba atakayeingia nitaanza na magoti, nipande mpaka kichwani, na nilikuwa namaanisha kila neno.

Walinitukana. Niliwajibu, na matusi yangu siwezi kuyaandika hapa kwa kuwa padri anasoma. Mwisho mwashi, akiwa amekaa chini anasugua mguu, akasema maneno ya busara kuliko yote ya siku hiyo.

"Lete veterineri. Akisema ni wazimu, tunaiua na wewe unakaa pembeni."

"Akisema ni wazimu," nikasema, "nitaiua mimi."

Veterineri, daktari wa mifugo, alikuja kwa pikipiki kutoka Nzahaha, ambako alikuwa anazalisha ng'ombe, matope mpaka kiunoni na uso wa mtu asiyetaka salamu. Hakumtazama mbwa kwanza. Alimtazama baba, akauliza kama amekwenda hospitali, na aliposikia hapana akatufokea wote, mimi na mwashi na baba mwenyewe. Kichaa hakibahatishwi, alisema. Osheni hicho kidonda kwa sabuni na maji mengi sasa hivi, kisha mkamchome sindano, meno tutayatazama mbwa akibaki hai. Akaamuru mbwa afungwe peke yake kwenye banda la kuku, asiguswe na mtu, maji asukumiwe kwa fimbo.

Tukangoja. Baba alidungwa sindano zake, akarudi na bandeji kubwa, akaketi mbali na banda akizungumza na mbwa kupitia mbao. Mwashi alipita kila siku akichechemea kuangalia kama mbwa amekufa. Hakufa. Alikunywa maji, alitikisa mkia akisikia sauti ya baba, na ule uvimbe chini ya jicho ukapasuka ukaanza kutiririsha usaha shavuni. Veterineri aliporudi siku ya kumi alisema mbwa mwenye kichaa asingefika siku hiyo akiwa hivyo. Akatoa sindano ya usingizi na koleo.

Mambo yaliyofuata niliyashikilia kwa mikono yangu. Tulimlaza mbwa kwenye saruji pale ninapoparia samaki, nikamkalia mabegani, veterineri akapitisha kamba taya la juu na kamba taya la chini, akaufungua ule mdomo mbele ya jua. Ugaga ulikuwa umeyafunika magego, kahawia, mgumu, mnene kama ukoko wa sufuria. Ufizi ulikuwa mwekundu unaovuja. Na gego kubwa la juu kushoto lilikuwa limepasuka katikati, na ndani ya ufa huo kulikuwa na kipande cha mfupa wa mbuzi, kimesimama, kimezungukwa na usaha.

"Nyigu yenu ni iyi," akasema veterineri.

Usingizi haukumshika vizuri. Koleo lilipogusa jino mbwa alijipinda chini yangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akaninyanyua, kichwa changu kikagonga ndoo. Nikamlalia tena, kifua changu juu ya shingo yake, mikono imezunguka taya. Veterineri alipiga goti juu ya ubavu wake akavuta. Jino likakatika. Akachimba mzizi, akavuta, ukatoka na damu nyeusi, kisha usaha ukaruka ukanilowesha gauni na kidevu. Mzizi wa pili uligoma. Nilisikia mfupa unalia ndani ya fuvu la mbwa, na mbwa alikuwa ananguruma usingizini, ngurumo ndefu isiyo na pumzi. Nilimwita baba aje aone kazi ya dawa yake. Nilimwita kwa sauti ya kumdhalilisha, mbele ya mgeni. Alikuwa ameegemea ukuta, ametugeuzia mgongo.

Baada ya kukwangua ule ugaga wote, veterineri alinawa akatuambia maneno machache. Ng'ombe tunamtazama kwato, mbuzi tunamtazama kiwele, mbwa tunamtupia mfupa na kumgeuzia kisogo mpaka siku anapouma. Mifupa iliyochomwa, mwisho leo. Pilipili, basi. Kila siku kichukuliwe kitambaa laini kilicholowa maji safi, asuguliwe meno ya nje, polepole, na mdomo unuswe; ukinuka, aitwe yeye, si watu wenye mawe. Akawasha pikipiki akaenda zake.

Mbwa aliamka mtu mwingine, kama naweza kusema hivyo kwa mbwa. Alikula kwa pande zote mbili. Alilala mchana kwa usingizi mzito, ubavu ukipanda na kushuka, na nikatambua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa sijamwona amelala. Mgeni akija alinyanyuka kumsalimia. Mwashi alitazama hayo akatikisa kichwa, akasema kwamba kichaa kinaweza kujificha na kurudi. Nilimwambia ajifiche yeye.

Baba ndiye aliyeudhika. "Mumeniharibia imbwa," alisema. Siku moja nilirudi sokoni nikamkuta ameinama juu ya sahani, anachanganya. Nilinusa pilipili kabla sijaiona. Ufizi wa mbwa ulikuwa bado na shimo wazi.

Niliipiga ile sahani teke, ikapasukia ukutani. Kisha nikafanya jambo ambalo mtoto wa kwetu hafanyi: nikamkamata baba yangu kifundo cha mkono, ule wenye bandeji, nikaifungua mpaka kidonda kikaonekana, chekundu, kinachoanza kufunga. Nikachovya kidole katika ile pilipili.

"Nipake, Papa? Nipake, ukuwe mukali?"

Hakuvuta mkono. Alinitazama usoni muda mrefu, na macho yake yakajaa maji, na mimi nikaona aibu na hasira kwa pamoja, sikujua nianze na ipi. Nilimfunga bandeji upya.

Asubuhi iliyofuata nilisikia sauti yake nyuma ya nyumba. Nikaenda dirishani. Alikuwa ameketi na kichwa cha mbwa mapajani, kitambaa kimezungushwa kwenye kidole cha mkono mzima, anasugua.

"Kwanza ya mbele," alikuwa akimwambia. "Sasa tunaenda nyuma. Mama yako alikuwa na meno muzuri, unajua? Mpaka anakufa."

Huyo mama ni mama yangu. Tangu tumzike sikuwa nimemsikia baba akimtaja bila kulazimishwa. Nilikaa chini ya dirisha nikalia, nikachelewa soko.

Ikawa kazi yake ya kila siku, na kwa kuwa baba ni mtu wa kuzidisha, akazidisha. Aliwaita watu waje kuona weupe wa yale meno kama alivyowaita kuona uvimbe. Watu walicheka; mzee anapigisha mbwa mswaki, dunia imeisha. Aliwajibu kwamba wao hata ya kwao hawapigi, jambo ambalo kwa baadhi yao lilikuwa kweli. Mezani alianza kuniuliza habari za soko. Nilikuwa na baba tena.

Siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tulitoka mtaa mzima kuzibua mitaro ya barabara. Wazee husamehewa, kwa hiyo baba alibaki nyumbani na mbwa wake. Alikuwa amekwisha kuniuliza mara kadhaa kwa nini mbwa asuguliwe kwa maji matupu wakati sisi tuna dawa ya meno. Nilimwambia veterineri alisema maji, nikafikiri yameisha. Asubuhi hiyo alichukua dawa yangu ya meno bafuni, akaweka ya kutosha mtu na nusu kwenye kitambaa, akaanza kusugua.

Mbwa hakuipenda. Ilimchoma ulimi, akajinasua, akaruka, akapita langoni. Kazi ilikuwa imekwisha, tulikuwa tunapanda kurudi nyumbani na majembe begani, wanaume mbele, mimi nyuma nikimtania mwanamke mmoja. Nadhani mbwa alisikia sauti yangu, kwa maana alikuja moja kwa moja, anakimbia, mkia unazunguka, na mdomo umejaa povu jeupe linalodondoka kifuani.

Mwashi alikuwa wa kwanza kumwona.

"Wazimu! Nilisemaka!"

Nilipiga yowe kwamba sivyo. Mbwa alimfikia mwashi akainua uso kumsalimia, na mpini ukashuka katikati ya masikio yake. Miguu ya mbele ikafunguka. Akajaribu kusimama, mwingine akampiga kiunoni kwa bapa la jembe, mwingine mgongoni, vumbi likapanda, na sauti ya mbao juu ya mfupa ikaendelea hata baada ya mbwa kunyamaza. Nilijirusha juu yao. Pigo moja lilinipata bega, mpaka leo sinyanyui ndoo kwa mkono huo. Nilimng'ata mtu, sijui nani. Waliposimama ni kwa sababu hapakuwa na cha kupiga tena.

Baba alikuja bila viatu, kitambaa mkononi. Watu wakampisha. Alipiga magoti barabarani, akachukua kile kichwa akakilaza mapajani, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba chenye kovu, akawaonyesha. Povu lilikuwa limechanganyika na damu, lakini meno yote yalionekana, meupe, na pale lilipong'olewa gego ufizi ulikuwa umefunga vizuri.

"Nusa," akamwambia mwashi.

Mwashi hakutaka. Baba akarudia, bila kupaza sauti. Mwashi akainama, akanusa, akabaki ameinama vilevile, mpini ukamponyoka.

"Ni dawa ya meno," akasema.

"Nilitaka inuke muzuri," akajibu baba.

Nilimshika begani nikamwambia, Papa, inuka, twende. Hakunisikia, au hakutaka. Alikuwa amekunja kitambaa upande uliokuwa bado safi, anapangusa lile povu kwenye meno, ya mbele kwanza, kisha ya nyuma.